Boksi la kwaki: tufe safi, lastiki ndo imeniangusha

Naanza na bei maana najua ndo kitu cha kwanza mtauliza. Boksi lenyewe, la tufe za mbao za kufundishia kwaki, zile chembe ndogo zinazounda protoni, ni elfu tisini na mbili, ukijumlisha na kulisafirisha mpaka Morogoro ikagonga kama laki na thelathini, na hiyo ni hela yangu ya mfukoni, sio ya shule. Nimelitoa kwenye duka moja la mtandaoni linalouza vifaa vya kufundishia, jina naliacha.

Kilichonisukuma kununua ni kijana mmoja wa kidato cha sita. Alisimama akasema ticha, wewe mwenyewe umetufundisha chaji zinazofanana zinasukumana, sasa kwenye kiini cha atomi ya chuma kuna protoni 26 zote chanya zimerundikana sehemu moja, mbona hakisambaratiki? Nikamwambia kuna nguvu kali inazishika. Akauliza inazishikaje. Kengele ikaniokoa.

Basi mzigo ukafika. Ndani kuna tufe sita za mbao saizi ya ndimu, tatu ni nyekundu, kijani na bluu, hizo ndo kwaki, na tatu nyingine ni za rangi pinzani, hizo antikwaki, yaani pacha pinzani wa kwaki. Kuna kamba nne za lastiki zenye vindoano na kijitabu cha kurasa 20. Mbao nzuri kabisa, zimepigwa msasa zikapigika, rangi haitoki hata ukishika na jasho. Hapo sina neno.

Mwanzo wa somo lilifanya kazi vizuri kuliko nilivyotegemea. Unafunga tufe tatu kwa lastiki, hiyo ndo protoni. Zikiwa karibu karibu lastiki imelegea, tufe zinacheza zitakavyo kana kwamba hazijafungwa, na hiki ndo kituko kilichowapa wanafizikia Gross, Wilczek na Politzer Nobel ya 2004 kwa kazi yao ya 1973, kwamba kwaki zikikaribiana sana nguvu kali inapungua makali. Ni kinyume na kila kitu tulichozoea, sumaku ukizikaribisha zinavutana zaidi, huku ukizikaribisha zinapumua. Ndo maana kule California mwishoni mwa miaka ya 60, wanasayansi walipokuwa wanafyatulia protoni elektroni za kasi kwenye ile mashine yao ya kilomita 3, elektroni zikawa zinarudi kama zimegonga vitu vidogo vigumu vilivyoko huru humo ndani. Darasa zima liliielewa hii kwa kushika tu zile tufe, nikajisemea hela yangu imerudi.

Swali la rangi nalo likaja mapema, ticha kwa hiyo kwaki nyekundu ni nyekundu kweli? Hapana, ni jina tu la aina ya chaji, kwaki ni ndogo mno haiwezi kuwa na rangi ya kuonekana kwa macho. Kijitabu kimelieleza hili vizuri, kwamba zinazoruhusiwa kutembea nje ni zile zinazochanganyika kuwa nyeupe, yaani tatu za rangi tatu, au kwaki moja na antikwaki ya rangi pinzani yake, hiyo ya pili ndo inaitwa mesoni. Ila mtengenezaji angeweka hata alama juu ya tufe, maana nina mwanafunzi ambaye nyekundu na kijani kwake ni kitu kimoja, nikaishia kuandika herufi kwa maka.

Sasa tuje kwenye lastiki. Kijitabu kinasema vuta tufe moja uone jinsi inavyozidi kukaza, hivyo ndivyo kwaki inavyozuiliwa kutoka. Vijana wawili wakavuta, wakavuta tena, kindoano kikachomoka na tufe ya bluu ikamkuta mmoja kwenye paji la uso, tukacheka wote na yeye mwenyewe akacheka baada ya kuhakikisha hajatoka damu. Lakini tatizo sio kindoano, tatizo ni kwamba lastiki inafundisha kitu kisicho sahihi. Lastiki kadiri unavyoivuta nguvu inaongezeka. Kati ya kwaki haiko hivyo, ukishazitenganisha kiasi nguvu inabaki ile ile, haizidi wala haipungui, ni kama tani 15 hivi, yaani uzito wa Fuso na mzigo wake ukining'inia kwenye kitu usichoweza kukiona hata kwa hadubini. Kinachoongezeka ni nishati, kila hatua unayovuta unalipia upya kwa bei ile ile.

Nikaona isiwe tabu. Nikachukua kapi ya maabara, ile ya kubana ukingoni mwa meza, nikapitisha uzi, upande mmoja nikaning'iniza kopo la rangi lenye mawe ya kilo mbili na upande wa pili tufe nyekundu. Wakavuta kwa mizani ya springi. Sentimita 10, nyutoni 20. Sentimita 40, nyutoni 20 zile zile. Halafu tukarudi kwenye lastiki ya boksi, sentimita 10 ikasoma 4 na sentimita 30 ikasoma 13. Yule kijana wa swali akaangalia namba zote mbili akasema kwa hiyo kwaki iko kama ndoo ya kisimani, kamba iwe fupi iwe ndefu mkono unasikia uzito ule ule. Kopo la bure limelishinda boksi la laki.

Na hata kukatika kwenyewe ni tofauti. Lastiki ikikatika unabaki na tufe peke yake mkononi. Kwaki ukiivuta mpaka kama femtomita moja na kidogo, yaani milimita moja uigawe mara trilioni, nishati uliyoilimbikiza inatosha kuzaa kwaki na antikwaki mpya pale pale, kila upande unajipatia mwenzake, na wewe uliyetaka kwaki moja unaondoka na mesoni. Kijitabu kina sentensi moja tu juu ya hili, wakati ndo utamu wote. Kumbe zile tufe tatu za antikwaki zingetumika hapa vizuri sana! Mimi nilizificha mfukoni, uzi ukikatwa nachomeka tufe mpya kila upande kama mchawi wa mtaani, walipenda.

Kijitabu kina makosa mawili ambayo mwalimu asipoyajua atayabeba. Kinasema uzito wa protoni ni jumla ya uzito wa kwaki zake. Hesabu haikubali, kwa MeV, kipimo cha nishati kinachotumika kupimia uzito wa chembe, kwaki tatu za protoni zina kama 9 ukizijumlisha, protoni ina 938, kwa hiyo asilimia kama 99 ni nishati ya huo msukosuko wa ndani, kwaki zinazokimbia na gluoni, chembe zinazobeba nguvu kali, zinazozishika. La pili kinadai wanasayansi wamethibitisha kwa hesabu kwamba kwaki haitoki. Kompyuta zinaonyesha hivyo, kwa njia aliyoianzisha mwanafizikia Wilson 1974 ya kukata nafasi na muda kuwa vyumba kama daftari la hesabu, na hakuna maabara iliyowahi kukamata kwaki peke yake. Ila uthibitisho wa kalamu na karatasi bado, na tatizo la Yang-Mills, fumbo la hesabu za nguvu za aina hii, ambalo ni jirani wa mlango mmoja na hili, lina zawadi ya dola milioni moja tangu 2000 na mpaka leo haijachukuliwa.

Swali la protoni 26 boksi halijaligusa kabisa, nilimalizia mwenyewe. Protoni kwa nje ni nyeupe lakini ukiisogelea sana mabaki ya nguvu ya ndani yanavuja kidogo, kama harufu ya pilau la jirani inayovuka ukuta wakati sufuria lenyewe limebaki kwake, na hayo mabaki kwa umbali wa femtomita moja au mbili yanaushinda msukumano wa chaji. Ukisogea mbali harufu inaisha.

Natoa nyota tatu, zote za tufe. Nimewaandikia wauzaji kuhusu kindoano wiki tatu zilizopita, wamejibu watatuma kingine, nasubiri. Kopo na mawe yapo pale pale mezani, kidato cha tano wanavuta kesho saa nne.