Uzoefu wangu: kulipia historia ya Land Rover ya jeshi kutoka Uingereza ukiwa Kampala

Gari ninalolizungumzia ni Land Rover Series IIA ya inchi 109, usukani kulia, iliyotumikia jeshi la Uingereza, ikauzwa Kenya, kisha ikavuka Busia. Huduma nilizolipia ni mbili, na wengi huzichanganya. Moja ni cheti cha British Motor Museum kule Gaydon, kinachoandikwa kutoka vitabu vya kiwanda. Nyingine ni utafutaji wa kadi ya gari katika makumbusho ya Royal Logistic Corps, kikosi cha ugavi na usafirishaji cha jeshi la Uingereza, ambayo siku hizi iko Worthy Down karibu na Winchester. Cheti kinakupa kuzaliwa kwa gari, kadi inakupa kazi yake. Ukiwa na pesa ya moja tu na gari lako lilikuwa la jeshi la Uingereza, chukua kadi.

Nasema hivyo kwa sababu cheti kwa gari la jeshi ni kifupi. Unapata namba ya chasisi, namba ya injini ya kwanza, tarehe ya kuundwa, tarehe ya kutoka kiwandani, rangi, na mpokeaji. Kwa gari la raia sehemu ya mpokeaji ndiyo tamu, maana inataja wakala na nchi. Kwa gari la jeshi utasoma wizara na bohari, basi. Karatasi yenyewe ni nzuri, inafaa fremu ukutani, na kwa mnunuzi inathibitisha mwaka. Nyota tatu na nusu.

Huduma zote mbili zinategemea namba utakayotuma, na hapo ndipo Uganda inapokuwa na shida zake. Namba iliyo kwenye kadi yako ya usajili mara nyingi ilinakiliwa kutoka bamba dogo la ndani ya kebini, na bamba hilo lina skrubu na riveti tu. Ukuta wa kati ya injini na kebini huoza, fundi wa Katwe huleta mwingine kutoka gari lililokatwa, na bamba la gari lile huja nalo. Namba ya injini ndiyo mbaya zaidi: karakana za jeshi zilibadilisha injini kama kawaida, na baada ya hapo mafundi wa soko la vipuri la Kisekka wakaendeleza kazi, kwa hiyo mengi ya magari haya yana dizeli ya Toyota. Namba ya kuaminika ni iliyogongwa kwenye chasisi yenyewe. Kwa Series IIA na III iko upande wa kulia mbele, kwenye pembe ya chasisi pale springi inaposhikiliwa.

Piga picha kabla ya kugusa chochote, kwa sababu siku ya ukaguzi wa polisi namba iliyokwanguliwa huonekana kama namba iliyochezewa. Osha matope kwa dizeli, ondoa rangi kwa dawa ya kuondolea rangi, kisha brashi ya waya ya mkono. Grainda marufuku kabisa: chuma pale kimeliwa na kutu, na kina cha maandishi ni kidogo, ukipitisha diski mara moja umefuta ushahidi. Kukikauka, sugua chaki nyeupe na ufute juu juu kwa kitambaa. Chaki inabaki ndani ya namba. Picha ipigwe jioni au kwa tochi iliyolazwa ubavuni, si kwa flashi ya mbele.

Tarakimu tatu za mwanzo zisome mwenyewe kabla ya kulipa. Kwenye Series IIA ya petroli, 241 ni inchi 88 ya soko la Uingereza na 251 ni inchi 109 ya soko hilo. 242 na 252 ni za kusafirishwa nje zenye usukani kulia. 243 na 253 zilisafirishwa vipande vipande zikaunganishwe ng'ambo. Ukiwa na hizi za mwisho, fikiri kabla ya kuagiza cheti: kiwanda cha Land Rover kule Solihull kinajua kilifunga kasha lini, hakijui gari liliunganishwa siku gani.

Kadi ya jeshi inataka namba nyingine, yaani ile ya usajili wa kijeshi. Kuanzia 1949 muundo ulikuwa tarakimu mbili, herufi mbili, tarakimu mbili. Herufi za kati zinasema mengi: zilizoanza na B kama BA na BB ni za miaka ya 1950, zile za familia ya EK ni za miaka ya 1960. Herufi RN ni za jeshi la majini, na zinazoanza na A ni za jeshi la anga. Ukiona herufi moja ikifuatwa na tarakimu nyingi, kwa mfano M au L, hiyo ni ya wakati wa Vita vya Pili, na utafutaji wake ni mgumu kuliko huu.

Namba hiyo huwa imefunikwa kwa rangi. Tafuta kwenye paneli ya mbele karibu na grili na kwenye mlango wa nyuma. Bodi ni alumini, haioti kutu kama chuma, kwa hiyo maandishi ya chini husalia. Tumia msasa wa 400 kwa maji yenye sabuni kidogo, kisha 800, ukimaliza na 1000, kwa mduara mdogo, na usimame kila rangi inapobadilika. Maji si ya urembo: rangi za zamani zina madini ya risasi yenye sumu, usivute vumbi lake. Kijani cha shaba kinachong'aa ndicho cha mwanzo kwa gari la umri huu, kijani kisichong'aa chenye mabaka meusi kilifuata, rangi ya mchanga inaashiria huduma ya jangwani, na nyeupe inaweza kuwa Umoja wa Mataifa. Ukikuta duara la njano lenye namba mbele, hiyo ni alama ya kiwango cha uzito wa gari kwa ajili ya kuvuka madaraja, usilitume kama namba ya gari. Sijui kwa nini watu hulituma, lakini wanalituma.

Bamba la mkataba wa jeshi wa kununua gari likiwepo, nakili kila kitu: namba ya mkataba, namba ya aina inayoanza na FV18, na volti. Gari la redio lilikuwa la volti 24, na hata likigeuzwa kuwa 12, sehemu ya betri mbili kati ya viti hubaki. Bamba la ziada la REME, yaani mafundi wa jeshi la Uingereza, lenye tarehe ni la ukarabati mkubwa. Likiwepo, usishangae injini na cheti kutokubaliana.

Kadi ilipokuja ilikuwa nakala yenye mwandiko wa karani na vifupisho. VD ni bohari ya magari, BAOR ni jeshi la Uingereza lililokaa Ujerumani Magharibi, VOR ni gari lisilotembea, na "cast" ni kuondolewa kwenye hesabu. Tarehe ya kuhamishwa ni tarehe ya karatasi, gari lenyewe huenda lilifika baadaye. Pengo la miaka kati ya vikosi kwa kawaida ni kukaa bohari, si siri ya kijasusi. Kwa maelezo haya naipa nyota tano, ingawa si kila kadi imesalia, kwa hiyo uliza kwa barua pepe kama wanayo kabla ya kutuma pesa.

Magari ya deraya hayako huko. Kwa Ferret, Saladin au Saracen andikia makumbusho ya vifaru ya Bovington.

Sasa swali ambalo kila muuzaji wa Kampala hulijibu kabla hujauliza: hili ni gari la Amin. Cheti hapa kinafanya kazi nzuri kuliko popote, kwa sababu Amin aliondoka Aprili 1979, na Land Rover iliyotoka kiwandani 1982 haikumbeba. Kinyume chake hakithibitiki. Gari lililonunuliwa kwa ajili ya serikali ya Uganda litaonekana kwenye vitabu likienda kwa Crown Agents, mawakala wa Uingereza walionunulia serikali za ng'ambo bidhaa, au kwa wakala wa Afrika Mashariki, na hapo kumbukumbu za Uingereza zinaishia bandarini. Kuanzia hapo unatafuta nyumbani. Kwa enzi ya 4 KAR ya Jinja, yaani kikosi cha nne cha King's African Rifles, jeshi la kikoloni, kabla ya Oktoba 1962, kuna majalada ya serikali ya kikoloni katika hifadhi ya taifa pale Wandegeya, na karatasi za East Africa Command, kamandi ya jeshi la Uingereza Afrika Mashariki, ziko hifadhi ya taifa ya Uingereza kule Kew chini ya namba ya majalada WO 276. Zimepangwa kwa vikosi na mada, kwa hiyo ingia na jina la kikosi na mwaka. Namba ya chasisi haitakusaidia.

Kwa anayetaka kuagiza gari la aina hii sasa, karatasi hizi hazitaliingiza nchini: sheria ya 2018 inazuia magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu kuundwa, na cheti chako ndicho kitakachotaja umri huo. Huduma hii ni kwa magari ambayo tayari yako ndani.

Malipo yanapita kwa kadi ya benki ya Visa, hakikisha imefunguliwa kwa manunuzi ya nje. Omba nakala ya barua pepe kwanza, karatasi ifuate sanduku la posta. Kwenye ombi weka picha ya namba iliyogongwa, picha ya bamba, picha ya kadi ya usajili, na andika 0 na O kwa maneno, kwa kuwa hizo mbili ndizo zinazopoteza kadi nyingi kuliko panya.