Kalenda ya simu inayoficha mahali pa shughuli

Kwa miezi minne nimetumia programu moja ya kalenda hapa mtaa wa Mkunazini, mjini Zanzibar, na kasoro yake kubwa ni kwamba kisanduku cha tukio huonyesha maneno machache ya mwanzo tu, mengine yakafichwa mpaka ukiguse. Niliandika “Maulidi, usiku wa kuamkia Ijumaa, Malindi”. Kioo kikabakisha “Maulidi, usiku wa kua…”, nami nikaishia mtaa mwingine, Kikwajuni. Saa iliandikwa 20:00, jambo linalomtaabisha mama yangu, kwani kwake hiyo ni saa mbili, na Ijumaa imeshaingia tangu magharibi. Rangi zake, nakiri, zinapendeza. Ningeridhika kama saa na mahali vingetangulia, maelezo marefu yakafuata chini.