Upepo wa tairi: kibandiko cha mlangoni au namba ya ubavuni?

Fungua mlango wa dereva, chungulia kwenye nguzo. Gari nyingi zinazotoka Japani zina kibandiko hapo, mathalani 220 kPa, yaani kama PSI 32. Namba utakayoikuta hapo ndiyo kipimo cha gari lako, mbele na nyuma, na hupimwa matairi yakiwa baridi, asubuhi kabla hujatoka.

Namba ya ubavuni mwa tairi, mara nyingi PSI 44 au 51, ni kikomo tu cha upepo. Aliyetengeneza tairi hajui utalifunga kwenye Vitz au Noah! Ukijaza hadi hapo gari linadundadunda, tairi linalika katikati. Mimi nafuata kibandiko. Fundi wa pancha akiuliza “tuweke ngapi, bosi?”, mtajie namba. Kibandiko kikibanduka, angalia kitabu cha gari.