Joe Montana au Dan Marino: nani alikuwa kwotabeki bora, yaani mrushaji mkuu wa mpira katika futiboli ya Marekani?

Wote wawili ni wa Pennsylvania magharibi, na kila mmoja alivaa jezi yenye namba ile ile kwa muda mrefu: Montana 16 kwa San Francisco 49ers, Marino 13 kwa Miami Dolphins.

Kwa kurusha mpira, Marino hana mpinzani. Mkono wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba mabeki walimfikia mpira ukishaondoka. Mwaka 1984, msimu wake wa pili tu, alirusha yadi 5,084 na pasi 48 za tachidauni, yaani zilizopokewa ndani ya eneo la mwisho la wapinzani na kuleta alama. Katika NFL, ligi kuu ya Marekani, hakuna aliyewahi kufika yadi 5,000 kwa msimu mmoja kabla yake. Alicheza misimu 17, yote Dolphins.

Lakini walipokutana kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, ya Januari 1985, Montana alishinda 38–16. Ndiyo fainali pekee Marino aliyowahi kucheza. Montana alicheza nne, akashinda zote, bila pasi yake hata moja kunaswa na wapinzani.

Ile ya Januari 1989 naipenda kuliko zote. Zimebaki dakika 3 na ushee, 49ers wako nyuma ya Cincinnati Bengals 16–13, wamebanwa yadi 8 tu kutoka mstari wao wenyewe wa goli. Montana akawasogeza taratibu, pasi fupi fupi, bila papara. Sekunde 34 kabla ya kipenga, akamtafuta John Taylor ndani ya eneo la mwisho: 20–16.

Kwa kipaji cha mkono, nampa Marino. Timu yangu ikiwa nyuma dakika za mwisho, namchagua Montana bila kusita.