Uzoefu wangu na MusicBrainz: watu wasiolipwa wanaoandika kumbukumbu za santuri zetu

Baba yangu alianza kununua santuri akiwa kijana mjini Morogoro, na hadi leo anazitunza sandukuni, kila moja ndani ya mfuko wake wa karatasi. Mwaka jana, nilipoamua kuzihamishia kwenye kompyuta pamoja na kanda alizojirekodia mwenyewe kutoka redioni, nilidhani shida ingekuwa kupata sindano ya kuzipigia. Sindano ilipatikana katika muda wa juma moja. Kilichonichukua miezi ni majina. Nilitaka kila wimbo ubaki na jina la bendi yake, mtunzi wake, mwimbaji wake na mwaka wake, nami sikujua pa kuyapata kwa uhakika. Programu moja ya kusikilizia muziki niliyoitegemea iliuweka wimbo wa Les Wanyika chini ya Simba Wanyika, kana kwamba wale waliojitenga mwaka 1978 hawakuwahi kuondoka. Baba aliuliza ni nani aliyeandika hivyo, na hapakuwa na jina la kumtajia.

Swali hilo la baba ndilo lililonifikisha MusicBrainz, ambayo nimeitumia kwa takriban mwaka mzima sasa. Ni hifadhidata ya muziki iliyo wazi kwa kila mtu, na karibu yote yaliyomo yameandikwa na watu wa kujitolea. Hapo kila taarifa ina mwandishi. Ukitaka kujua ni nani aliyesema kwamba mtu fulani alipiga besi katika santuri fulani, unafungua historia ya mabadiliko na kukuta jina analotumia mhariri huyo, tarehe aliyoandika, na mara nyingi maelezo ya alikoipata habari yake. Kwa mtu aliyelelewa katika nyumba ambamo habari za muziki zilibishaniwa usiku kucha bila kumalizika, huo ni utulivu mkubwa.

Chanzo cha mradi wenyewe kinaeleza kwa nini wahariri hawa wanaulinda kwa wivu. Katika miaka ya 1990 kulikuwa na hifadhidata iitwayo CDDB, ambayo watumiaji wa kawaida waliijaza kwa mikono yao, wakiandika majina ya nyimbo za kila CD waliyoiweka kwenye kompyuta. Baadaye ikageuka mali ya kampuni iliyokuja kuitwa Gracenote, na masharti ya kuitumia yakabadilika. Robert Kaye akaanzisha MusicBrainz kama jibu la hali hiyo, na mwaka 2004 ikawekwa chini ya shirika lisilo la faida la California, MetaBrainz Foundation. Taarifa za msingi zimetolewa kwa umma bila masharti yoyote, kiasi kwamba hakuna atakayeweza kuzifungia kabatini hata akitaka. Makampuni yanayozitumia kibiashara huombwa kuchangia gharama. Mimi na baba hatujawahi kuombwa senti.

Sasa niwaeleze watu wenyewe, maana huduma hii ni wao. Huitwa wahariri, ingawa wengi wao ni waandishi hasa, kwa kuwa hakuna kinachoingia humo pasipo mtu kukaa chini na kukiandika. Yapo mambo ambayo mhariri akiyaandika yanaingia mara moja. Lakini akitaka kuunganisha kurasa mbili au kubadilisha jina la msanii, pendekezo lake hubaki wazi kwa siku 7, na wahariri wengine hulipigia kura ya ndiyo au ya hapana. Wakipatikana watatu wenye kauli moja bila mpinzani, linaamuliwa mapema. Asipojitokeza yeyote, siku zikiisha linapita. Kura ya hapana kwa kawaida huja na sababu, na mwenye pendekezo ana nafasi ya kujibu.

Mimi nilipata hapana yangu ya kwanza kwa sababu ya NUTA Jazz, na ningependa kuisimulia yote, kwa kuwa nilijifunza mengi kwayo kuliko kwa kusoma maelekezo. Bendi hiyo ilianzishwa mwaka 1964 ikiwa mali ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA mwishoni mwa miaka ya 1970, bendi nayo ikawa JUWATA Jazz. Kilipokuja kuwa OTTU, ikawa OTTU Jazz. Na leo mashabiki wanaijua kama Msondo Ngoma. Kwetu nyumbani hiyo ni bendi moja, na hakuna anayefikiria vinginevyo. Kwa hiyo nilipendekeza majina yote yaunganishwe katika ukurasa mmoja, nikaandika sababu kwa sentensi moja, nikaenda kulala nikiwa na hakika kwamba nimewafanyia wasomaji wema.

Asubuhi nilikuta kura ya hapana na maelezo marefu ya adabu. Mhariri huyo hakuwa akibisha kwamba historia ni moja. Aliniuliza kama majina yale yalikuwa tahajia tofauti za jina lilelile, au ni bendi kubadilisha jina rasmi katika kipindi kinachojulikana, kwa sababu hayo ni mambo mawili na kila moja lina mahali pake. Katika hali ya pili, kurasa zinaweza kubaki tofauti na kufungwa pamoja kwa kiungo kinachosema kwamba bendi hii ilibadilisha jina ikawa ile, na santuri iliyotoka wakati wa NUTA ikabaki na jina lililochapwa juu yake. Kisha akauliza swali ambalo baadaye nimeliona mara nyingi kwa wahariri hawa: umejuaje?

Niliudhika kwa saa kadhaa, kisha nikaona kwamba ana haki. Nilimketisha baba tukapanga santuri sakafuni kwa kufuata jina lililo kwenye lebo, nikazipiga picha moja baada ya nyingine, na nikaandika maelezo yenye kutenganisha yale tuliyoyasoma kwenye lebo na yale baba anayoyakumbuka tu. Pendekezo la pili lilipita. Yule aliyenipinga alikuwa wa kwanza kulipigia kura ya ndiyo, na aliniachia ujumbe wa kunishukuru kwa picha. Sijui anaishi wapi wala anafanya kazi gani. Najua tu kwamba alisoma majina ya vyama vya wafanyakazi wa nchi yangu kwa makini kuliko mimi, bila kulipwa na mtu yeyote.

Utaratibu huo una manufaa makubwa kwa muziki wa dansi, ambao wanamuziki wake hawakukaa mahali pamoja. Muhidini Maalim Gurumo aliimba NUTA, akawa miongoni mwa waliojenga bendi ya Mlimani Park mwaka 1978, akahamia Orchestra Safari Sound mwaka 1985 pamoja na Hassan Rehani Bitchuka na Abel Balthazar, na hatimaye akarudi bendi yake ya kwanza. Kwenye orodha ya kawaida ya nyimbo safari hiyo haionekani. Hapa mhariri anaweza kumuunganisha mwimbaji na kila bendi, akaweka mwaka wa kuingia na wa kutoka, na msikilizaji akaona kwa nini sauti ileile inasikika katika bendi tatu zilizokuwa zikishindana.

Vilevile kuna suala la nyimbo zilizokatwa. Santuri ndogo haikuweza kubeba wimbo mzima wa dansi, hivyo ulianza upande wa kwanza na ukaendelea upande wa pili, mara nyingi chemko lote, yaani ile sehemu ya kasi ya kuchezeka, likiwa huko nyuma. Nilikuwa nikiziandika pande hizo kama nyimbo mbili, hadi mhariri mmoja, ambaye naona shughuli yake kubwa ni muziki wa Kongo, aliponifahamisha kwamba huko pia santuri zilikatwa vivyo hivyo, na kwamba hifadhidata hutofautisha utunzi na rekodi. Rekodi ni mbili, utunzi ni mmoja, na kila rekodi inaweza kutiwa alama kwamba ni sehemu tu ya wimbo. Nilirudia santuri zote 34 nilizokuwa nimeshaziingiza.

Wapo wahariri wasiogusa chochote isipokuwa majalada, ambayo huhifadhiwa katika Cover Art Archive kwa ushirikiano na Internet Archive, na wapo wanaosahihisha tahajia. Hao wa tahajia wamemfaa sana mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe, ambaye jina lake limechapwa kwa namna kadhaa tangu enzi za bendi ya Morogoro Jazz hadi ile ya Super Volcano, na baada ya ajali ya gari iliyomuua Mombasa mwaka 1979 likaendelea kuandikwa kila mtu apendavyo. Hapa namna zote zinaweza kuhifadhiwa kama majina mbadala, na anayetafuta kwa tahajia ya zamani akafika palepale.

Panapohitaji tahadhari ni kwenye ule mlango wa siku 7. Muziki unaofuatiliwa na wengi hupata macho mengi. Wetu hupata machache, na pendekezo lisilopigiwa kura linapita tu. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika wimbo wa Western Jazz chini ya bendi nyingine kwa sababu mwandiko wa baba kwenye kasha la kanda ulikuwa umefifia. Hakuna aliyepinga. Kosa hilo lilikaa miezi mitatu hadi nilipoisikiliza kanda yenyewe tena, nikamsikia mtangazaji akiitaja bendi kabla ya wimbo. Nimelisahihisha na kueleza nilivyokosea, na maelezo hayo yamebaki pale kwa atakayefuata.

Anayependa kuandika kwa kirefu anaweza kwenda CritiqueBrainz, mradi ndugu wa huu, ambako wachangiaji huandika tathmini za albamu na kuzitoa kwa leseni inayoruhusu wengine kuzitumia. Nimeandika tathmini mbili huko, ila moyo wangu uko kwenye lebo na majina ya wapiga magitaa.

Kwa mwenye santuri, kanda au CD za familia ninaipendekeza huduma hii bila kusita. Ajiandae kutumia majuma mawili ya mwanzo akijifunza istilahi, apige picha za lebo kabla ya kuandika lolote, na asiache sehemu ya maelezo ikiwa tupu. Mwenye haja ya kupanga nyimbo zake tu anaweza kutumia programu yao iitwayo Picard, ambayo husikiliza faili na kulilinganisha na yaliyomo kwenye hifadhidata. Kwa nyimbo zetu nyingi za zamani haikunipa jibu hadi nilipokuwa nimeziandika mwenyewe.

Sandukuni zimebaki santuri 11. Moja haina lebo kabisa, imebanduka. Baba anaitambua sauti ya mwimbaji na anataja bendi bila kufikiri, nami nimeandika hivyo hivyo kwenye maelezo: kwamba ni kumbukumbu ya msikilizaji aliyeinunua, na hatuna lebo ya kuonyesha. Kuna mhariri ameshauliza kama kuna namba yoyote iliyochongwa karibu na tundu la katikati. Kesho mchana, mwanga ukiwa mzuri, tutaitazama.