Kumlaza mtoto kwa saa au kumfuata mwenyewe?
Kumlaza kwa saa, yani saa tatu, saa sita, saa tisa, kunafaa kama warudi kazini na mtoto ashafika miezi 4 hivi, kabla ya hapo wajisumbua tu, mwili wake haujajua usiku na mchana. Mchanga mfuate mwenyewe: akipiga miayo, akisugua macho, akiduwaa anaangalia ukuta, mlaze hapo hapo, ukingoja alie ushachelewa. Ubaya ni kwamba hupangi kitu, wavaa buibui uende sokoni ndo asinzia, na hapa Lamu punda akilia dirishani basi kwisha 😅 Mimi mchana namfuata yeye, saa naziweka usiku tu: baada ya isha aoga, anyonya, nazima taa, namlaza chali, bila mto.