Mota mbili au sevo? Nimezifunga zote kwenye ndege za karatasi

Habari zenu jamani, karibuni. Mezani kwangu leo kuna ndege mbili. Zote ni za karatasi ya manila, na nimezikata kwa mchoro mmoja: mabawa sentimita 42 ncha kwa ncha, upana wa bawa sentimita 12. Zikiwa bila mitambo, hata mimi siwezi kukwambia ipi ni ipi. Nimetengeneza mbili kwa sababu ya swali mnaloniuliza kila mara: ninunue seti gani ya rimoti, ile ya mota mbili, au ile ya mota moja yenye sevo za mkia, yaani vimota vidogo vya kusogeza mkia? Nimezirusha zote kwa wiki tatu. Jibu nalitoa sasa hivi ili mwenye haraka asisumbuke: kwa ndege ya karatasi, chukua ya mota mbili. Mwenye nafasi akae nimwonyeshe kwa nini, maana nayo ina kasoro zake, na moja imenila mota.

Tuanze na mzani. Huu ni mzani mdogo kama wa sonara, na nakuomba sana usianze kazi hii bila mzani. Karatasi ya kawaida ya fotokopi, ile wanayoiita ya gramu 80: A4 moja ina gramu 5 kamili. Ni hesabu tu. Hizo gramu 80 ni uzito wa mita moja ya mraba, na A4 kumi na sita ndizo zinazotimiza mita ya mraba. Kwa hiyo ukijua manila yako ni ya gramu ngapi, unaujua uzito wa ndege kabla hujashika mkasi. Hii yangu ni ya 160, A4 moja gramu 10. Bawa, mkia na bodi vikishashikana na gundi kukauka, tazama hapa, mzani unasoma 14.

Naweka seti ya kwanza. Kibao cha risiva, kile kinachopokea amri za rimoti, gramu 2. Mota mbili za milimita 7 pamoja na propela zake, 6. Betri ya seli moja, 150 mAh, gramu 4. Jumla 12, ndege nzima 26. Sasa ile ya sevo: kibao chake kina sevo mbili ndogo juu yake, gramu 4, mota moja nene zaidi na propela, 5 na nusu, betri ile ile, halafu vijiti vya kusukuma mkia, gramu 1 na nusu. Hiyo ni 15, ndege inafika 29.

Nilidhani hizo gramu 3 ndizo zitakazoamua. Hazikuamua. Ndege zote mbili zinaelea kwa mwendo wa mita 3 hadi 4 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekimbia polepole, na ukiwa umesimama chini huioni tofauti. Kilichoamua ni karatasi yenyewe.

Nasogeza kamera, tazama mkia huu. Hapa nimekunja manila ili iwe bawaba, kisha kijiti chembamba kinatoka kwenye sevo kuja kusukuma. Sevo za vibao hivi ni dhaifu, zimetengenezwa kwa bawaba laini kabisa. Mkunjo wa manila unarudisha kama springi. Ukiulegeza kwa kuupitishia wembe kidogo, siku mbili za kwanza unafurahi. Halafu sisi huku Dar tunaishi na unyevu wa bahari. Karatasi inaunywa. Asubuhi ndege iliyoruka vizuri jana inainua pua, unarekebisha kwenye rimoti, jua likipanda karatasi inakauka, inashusha pua. Nimefanya marekebisho hayo kila siku niliyoirusha. Nikajaribu vanishi ya kupulizia. Ilisaidia, ila iliongeza gramu 1 na nusu na mkunjo ukawa mgumu tena.

Seti ya mota mbili haina kinachosogea kwenye karatasi hata kimoja. Unataka kwenda kulia, mota ya kushoto inazunguka kwa kasi kuliko ya kulia, pua inageuka. Unataka kupanda, unaongeza moto, yaani nguvu ya mota, kwa zote mbili. Basi. Hata PowerUp, kile kifaa cha Shai Goitein cha kuendeshea ndege ya karatasi kwa simu, kilichochangiwa fedha Kickstarter mwishoni mwa 2013, toleo lake la 3.0 lilikuwa na propela moja na usukani mdogo wa mkia. Toleo la 4.0 likaja na mota mbili.

Ila msidhani ukifunga mota mbili ndege itageuka yenyewe. Mabawa yakiwa bapa, pua itaelekea pembeni na ndege itaendelea kuteleza ilikotoka kama gari kwenye tope. Lazima ncha za mabawa ziinuke. Mimi nimeinua kila ncha sentimita 3. Hapo pua ikigeuka, bawa la nje linapata hewa zaidi, linanyanyuka, na ndege inalala kwenye kona vizuri kabisa. Mabawa bapa nikiyakuta kwenye ndege ya mwanafunzi wangu yeyote, ndilo jambo la kwanza ninalorekebisha.

Kasoro sasa, na hii ni kubwa: ukizima mota, huna usukani. Hauna kabisa. Ukiona ndege inaelekea kwenye mwembe ukaogopa ukaachia kijiti cha moto, ndiyo umeipeleka mwembeni. Inabidi uufundishe mkono kuongeza moto kidogo unapotaka kukwepa, na kutua huku mota bado zinazunguka polepole. Na kwa kuwa hakuna kibawa cha mkia kinachosogea, kupanda na kushuka unakupangia chini kabla hujarusha, kwa kupinda ukingo wa nyuma wa mkia kwa vidole, milimita moja moja.

Nije kwenye hasara niliyoitaja. Mota hizi ndogo huja kwa jozi, moja inazunguka kulia na nyingine kushoto. Kwa kawaida yenye waya mwekundu na wa buluu inazunguka mwelekeo wa saa, yenye mweusi na mweupe kinyume chake, na kila moja ina propela yake. Muuzaji mmoja aliniletea mota mbili za aina moja. Sikukagua rangi, nikafunga, propela moja ikawa inavuta nyuma. Nikageuza waya ili mota izunguke upande wa pili, na nilipokuwa nachomelea, joto likaunguza kifuniko cha nyuma cha mota. Ikafa. Iliniuma, maana mota moja peke yake hawakuniuzia. Kagua rangi za waya ukiwa bado dukani, na kama mkono wako hauna uzoefu wa kuchomelea waya nyembamba kama nywele, mpelekee fundi simu. Wale wana vifaa vya kazi hiyo na wanaimaliza kwa dakika tano.

Kufunga. Mota usiigandishe na supaglu, mvuke na matone yake yanaingia ndani. Kata ukanda wa manila, uviringishe kwenye mota upate bomba dogo linalobana, toa mota, paka gundi bomba peke yake, likikauka rudisha mota. Mabomba mawili nayakalisha kwenye kijiti cha mshikaki kilicholala nyuma ya bawa, mota zikiwa sentimita 12 kati yake. Waya wa antena wa risiva, huu mfupi wa kama milimita 31, usiukate na usiulaze juu ya betri. Urefu wake umepimwa kufuata mawimbi ya rimoti.

Kwa kuwa mota ziko nyuma, betri lazima iende puani. Kitovu cha uzito kiwe robo ya upana wa bawa, kwangu sentimita 3 kutoka ukingo wa mbele. Shika hapo kwa ncha za vidole viwili, ndege isimame sawa. Nimeacha chumba cha betri kirefu kwa sentimita moja zaidi ili niisogeze. Pua yenyewe ni tabaka nne za manila zilizogandishwa pamoja, mtindo wa kugandisha tabaka ambao mhandisi Mjapani Yasuaki Ninomiya aliutumia kwenye ndege zake za karatasi. Huyu ndiye aliyeshinda kwenye mashindano ya kimataifa ya 1967. Na manila ina uelekeo kama mbao: ipinde pande zote mbili, upande unaokataa kupinda ndio uulaze kufuata urefu wa bawa.

Betri ikijaa ni volti 4.2, usiishushe chini ya 3. Ikivimba, iache.

Ile seti ya sevo siitupi. Naihamishia kwenye ndege ya povu jepesi, lile linalokuja kwenye katoni za televisheni, kwa sababu halinywi maji na bawaba yake ni selotepu tu. Kama wewe unatengenezea povu au mbao nyepesi na unataka kuinua na kushusha pua angani, nunua hiyo bila wasiwasi.

Sasa ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tuko kiwanjani, majani ya mnazi ule pale hayajaanza kutikisika. Ikifika saa tatu upepo wa bahari utakuwa na kasi kuliko ndege yenyewe. Moto nusu. Naiachia mkononi, siitupi. Haya, tazama inavyochukua kona ya kwanza.